Penye Wengi Hapaharibiki Neno



Juma hili nataka tuzungumze habari ya mchezo mdogo, ule wa vyumba vyeusi na vyeupe unaochapwa katika magazeti ya kila siku. Wengine huuita fumbo la maneno, wengine chemsha bongo. Pengine wasema moyoni, "Sisi tuna jembe na mvua za kungojea, mafumbo ya gazeti yatuhusu nini?" Ngoja kidogo. Jambo dogo huweza kufungua mlango wa jambo kubwa, na jambo lenyewe limetokea nyumbani kwangu, hapa Ipuli, Tabora.

Kwanza swali. Baba mmoja alinisimamisha nje ya kanisa baada ya Misa, akaniambia hivi: "Mwanangu hupenda kujaza fumbo la gazeti. Lakini kila akikwama hukimbia kwa dada yake, au kwa mwalimu, au kwa mzee wa jirani. Halafu hujisifu kwamba amelimaliza. Je, huko si kuiba? Nimkataze?"

Siku ile sikumjibu. Nilimwambia nitafikiri. Kweli nilikuwa na deni langu mwenyewe katika jambo hilo, na mwenye deni hapendi kuulizwa bei. Leo nalilipa.

Kwa ajili ya wale ambao hawajauona mchezo huu, naueleza kwa kifupi. Ni mraba uliogawanywa vyumba vidogo. Vyumba vyeusi havina kitu. Ni kama kuta. Kila chumba cheupe hukaa herufi moja. Maneno mengine hulala, yaani husomwa toka kushoto kwenda kulia. Mengine husimama, yaani husomwa toka juu kwenda chini. Chini ya mraba huandikwa maelezo mafupi ya kila neno, nawe kazi yako ni kulitambua neno lenyewe na kulijaza. Pale neno linalolala linapokutana na neno linalosimama, herufi ni moja tu, nayo hutumiwa na maneno yote mawili, kama majirani wawili wanaochota katika kisima kimoja. Hapo ndipo penye utamu, na hapo ndipo penye hatari, kwa maana ukikitia kisima uchafu, majirani wote wawili watakunywa maji machafu.

Mchezo huu si wa zamani sana. Aliyeutunga ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, aliyehamia Marekani na kufanya kazi katika gazeti la New York World. Fumbo lake la kwanza lilitoka Jumapili tarehe 21 Desemba 1913. Halikuwa na umbo la mraba kama haya ya siku hizi, bali lilikaa kama almasi. Watu walilipenda mno. Mwaka 1924 kilichapwa kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo, nacho kiliuzwa pamoja na penseli iliyofungwa pembeni. Katika miaka hiyo ya 1920 maktaba ya mji wa New York ililalamika kwamba wajazaji wa mafumbo wamezisonga kamusi, hata wasomaji wengine hawapati nafasi; na kampuni moja ya reli ikaweka kamusi ndani ya magari ya moshi ili abiria wasikwame njiani.

Waona basi, msomaji, kwamba tangu fumbo lilipozaliwa, watu walitafuta msaada. Hakuna aliyezaliwa na maneno yote kichwani.

Tena sisi tulikuwa na shule ya mafumbo zamani sana kabla ya gazeti lolote. Nani kati yetu hakukaa jioni karibu na moto akasikia, "Kitendawili!" naye akaitika, "Tega!"? Na ukishindwa kutegua, je, uliachwa gizani? Hasha. Uliambiwa, "Nipe mji." Nawe ulitoa mji. Katika nchi yetu hii, mahali palipopita misafara ya kwenda Ujiji na ya kurudi Bagamoyo, miji ya kutoa haikutupungukia. Mtoto alitoa Tabora, akatoa Kigoma, akatoa Dar es Salaam ambayo hajapata kuiona kwa macho. Mtegaji aliuchukua mji, akajisifu alivyofika huko na alivyokula na kupokewa, kisha ndipo alipotoa jibu. Wazee wetu walikuwa na hekima. Msaada waliuruhusu, lakini waliutoza. Mwenye kusaidiwa alikiri mbele ya watu wote kwamba ameshindwa, wala hakuna aliyemcheka mpaka akakosa usingizi, maana kesho yake ingekuwa zamu ya mwingine kutoa mji.

Hata katika magazeti ya Kiswahili ya zamani, kama Mambo Leo lililoanza mwaka 1923 huko Dar es Salaam, watunga mashairi walikuwa na desturi ya kuulizana na kujibizana kwa mashairi. Mmoja alitoa swali, mwingine wa mji wa mbali akalijibu. Gazeti lilikuwa baraza kubwa ambalo watu wake hawakuonana kwa sura.

Lakini uko msaada mwingine usiofaa. Wakumbuka Samsoni katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 14? Aliona nyuki na asali ndani ya mzoga wa simba, akafanya fumbo la jambo hilo na kuwategea vijana 30 walioalikwa katika arusi yake. Aliwapa siku 7 za karamu wapate kulitegua, na dau lilikuwa mavazi 30 ya kitani na mavazi 30 ya kubadili. Wale vijana waliposhindwa hawakukiri, wala hawakuomba. Walimwendea mke wa Samsoni wakamtisha kwamba watamchoma moto yeye na nyumba ya baba yake asipowapatia jibu. Maskini mwanamke alilia mbele ya mumewe mpaka akaambiwa, naye akawaambia. Jibu walilipata, ni kweli. Lakini tazama mwisho wake: hasira, damu, na ndoa iliyovunjika. Walichokosa si akili. Walikosa unyenyekevu wa kusema, "Tumeshindwa."

Sasa nije kwenye deni langu.

Mimi ni mtu wa kupenda fumbo la gazeti. Jioni, nikitoka kazini, hukaa kwenye kiti changu chini ya mwembe, gazeti gotini, kalamu mkononi. Kwa muda mrefu sikupenda mtu anisogelee. Nilijaza kwa wino, si kwa penseli, ili watu waone kwamba sina mashaka. Sasa unajua mimi ni mtu wa namna gani.

Jioni moja nilikuta maelezo haya ya neno linalolala: "Hukaa kichwani, wala si kofia. Herufi 5." Herufi ya tatu nilikuwa nayo tayari, ni A, kwa sababu neno lililosimama pale lilikuwa ASALI. Nikafikiri kidogo, nikapata: UTAJI, yaani ile nguo ya kujifunika kichwa. Herufi 5, na ya tatu ni A. Nikaandika kwa wino, nikajipongeza.

Basi nikashuka kwenye neno lililosimama chini ya herufi ya kwanza. Maelezo yake yalisema: "Wajenzi wa nyumba za nta. Herufi 5." Mtoto yeyote wa Tabora anajua kwamba hao ni NYUKI. Lakini U yangu ilikuwa imekwisha kukaa mlangoni mwao. Je, nilifanya nini? Niliifuta ile U? La. Nilianza kutafuta wadudu wengine wanaojenga kwa nta, ambao jina lao laanza na U! Robo saa nzima, msomaji, niliwatafuta wadudu wasiokuwako duniani ili nisikubali kwamba nimekosa. Na upande wa mwisho mambo yalikuwa vilevile. Ua linaloligeukia jua na kukamuliwa mafuta lilitaka kuanza na A, nami nilikuwa nimelitilia I.

Binti yangu wa darasa la sita aliona uso wangu umekunjamana, akasogea. Nikamwambia asome maelezo yale kwa sauti. Akasoma: "Hukaa kichwani, wala si kofia." Akachukua simu, akatafuta. Simu ilileta vilemba, ikaleta mataji ya wafalme, ikaleta mitandio ya kila rangi. Hakuna kilichoingia katika vyumba vile.

Mama yangu mzazi, ambaye tunakaa naye, alikuwa mkekani hatua chache tu kutoka pale, akichambua maharage. Akasema, "Hebu someni tena."

Binti yangu akamjibu bila ubaya wowote, kama watoto wanavyojibu: "Bibi, haya ni mambo ya kusoma. Wewe hujui kusoma."

Mama yangu hakusema neno. Akaendelea na maharage yake.

Nami je? Mimi niliyasikia maneno yale kwa masikio yangu mawili. Nilikuwa nimeinama juu ya gazeti, nikajifanya sikusikia. Hilo ndilo deni langu.

Yafaa mjue huyu mama ni nani. Ni kweli hajui kusoma. Mwaka 1970, ule ulioitwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wenzake walikwenda darasani jioni, lakini yeye alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na maji yalikuwa mbali. Baadaye tulipokuja kuzaliwa sisi wa mwisho, alibeba kichwani kila kitu kilichobebeka: ndoo za maji, kuni, na magunia madogo ya michembe ya kuuza sokoni. Fedha ya michembe ndiyo iliyolipia daftari zangu. Mimi najua kusoma kwa sababu kichwa cha mama kilivumilia mzigo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nakunywa chai barazani, gazeti la jana likiwa mezani na wadudu wangu wasiokuwako. Mama akatoka kisimani, maana bomba letu lilikuwa limekauka siku mbili. Akatua ndoo. Kisha akaiondoa kichwani ile kanga iliyosokotwa ikawa duara, akaja, akaiweka juu ya gazeti, hapo hapo penye fumbo.

Akaniuliza, "Hii yaitwaje, mwanangu?"

Nikasema, "Ni kanga, mama."

Akasema, "Kanga ni nguo. Ikisokotwa hivi ikawekwa kichwani chini ya mzigo, yaitwaje?"

Nikanyamaza. Neno lilikuwa mbali, lakini nilihisi linakuja, kama mtu unayemwona njiani kwa mbali ukamjua kwa mwendo wake kabla ya kuiona sura.

Mama akasema, "Ni ngata. Hukaa kichwani, wala si kofia. Mimi sijui kusoma, lakini mlichosoma nilikisikia."

Msomaji mpenzi, nilihesabu kwa kidole. N, G, A, T, A. Herufi 5, na ya tatu ni A. Nyuki wakaingia nyumbani mwao. Alizeti likasimama wima na A yake. Fumbo lote likafunguka. Lakini mimi sikuona furaha hata kidogo, kwa maana neno lile nilikuwa nalijua tangu utotoni. Nilikuwa nikilishika mkononi kila siku, nikimpokea mama mzigo. Nililisahau siku nilipoacha kumpokea.

Nikamwita binti yangu. Sikumpiga wala sikumkaripia, maana kosa kubwa lilikuwa langu, mimi niliyesikia nikanyamaza. Nilimwambia mbele ya bibi yake, "Jana ulisema bibi hajui kusoma, na mimi nikanyamaza. Sote wawili tumkose radhi." Tukapiga magoti, tukamwomba. Mama akacheka, akasema, "Inukeni, chai inapoa." Lakini nilimwona akijifuta macho kwa ile ngata.

Kisha akaomba jambo ambalo sikulitazamia. Aliomba aonyeshwe neno hilo likoje likiandikwa. Binti yangu akamwandikia kwa herufi kubwa nyuma ya daftari. Mama akalitazama sana, akapitisha kidole juu ya kila herufi, akasema, "Kumbe ni dogo hivi! Nami nilidhani neno lililobeba mizigo yote ile lingekuwa refu."

Tangu siku ile kiti cha mama kipo karibu na changu wakati wa fumbo. Si kwamba anajua kila kitu. Akisomewa habari za mipira na za miji ya Ulaya, husinzia. Lakini maneno ya shamba, ya jiko, ya magonjwa, ya ndege na miti ya miombo, hayo ni yake. Maneno ya mashine na ya kompyuta ni ya binti yangu. Ya ofisi na ya siasa ni yangu. Mke wangu amezaliwa Tanga, naye hutuletea maneno ya bahari. Hapo ndipo nilipoelewa sawasawa methali ile tunayoisema kila siku bila kuifikiri: penye wengi hapaharibiki neno.

Na tazama jinsi Kiswahili chenyewe kilivyo. Meza na bendera ni maneno yaliyotoka kwa Wareno. Kitabu na safari yametoka kwa Waarabu. Shule na hela tuliachiwa na Wadachi, baiskeli na Waingereza. Wapagazi wa Unyamwezi walishuka pwani na mizigo juu ya ngata zao, wakarudi na maneno. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ikaleta mengine. Lugha yenyewe ilijengwa kwa kusaidiana. Basi fumbo lake moja lishindwe kujazwa kwa kusaidiana?

Wala usimdharau mtu aliyekaa pembeni kimya. Nawapa mfano wa kweli kutoka Uingereza. Mwezi wa Mei na mwanzoni mwa Juni 1944, katika vita kuu ya pili, gazeti la Daily Telegraph lilichapa mafumbo yenye majibu kama Utah, Omaha, Overlord, Mulberry na Neptune. Kumbe hayo yalikuwa majina ya siri ya mpango wa kuvuka bahari na kushuka Ufaransa, jambo lililofanyika tarehe 6 Juni mwaka ule ule. Wakuu wa usalama walishtuka, wakaenda kumhoji mtungaji wa mafumbo, mwalimu mkuu aitwaye Leonard Dawe. Wakamwona hana hatia. Mwaka 1984 mmoja wa wanafunzi wake wa zamani, Ronald French, alieleza kwamba mwalimu alikuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi vyumba vitupu wavijaze maneno, kisha yeye akatunga maelezo. Na kwamba maneno yale aliyasikia kwa askari waliopiga kambi karibu na shule. Wakubwa walidhani watoto hawasikii. Nami nilidhani mama hasikii.

Sasa nawapa mashauri machache kwa ajili ya kujaza na kwa ajili ya kusaidiana.

La kwanza, tumia penseli. Wino ni wa mwenye kiburi. Jibu likikataa kupatana na majirani zake wawili, lishuku hilo, usiwashuku majirani.

La pili, ijue tabia ya Kiswahili. Karibu maneno yetu yote huishia kwa a, e, i, o au u. Basi hata kabla hujalijua neno, chumba chake cha mwisho kina wageni watano tu wanaoweza kukaa. Maelezo yakitaja kitu kimoja, tafuta neno la umoja. Yakitaja vingi, tazama kama neno laanza na WA, MI, VI au MA. Yakisema "kufanya jambo fulani", huenda vyumba viwili vya kwanza ni KU. Kumbuka tena kwamba sauti moja huweza kukaa vyumba viwili, kama CH, SH, NY na NG. Mimi mwenyewe NG ndiyo iliyonifunga.

La tatu, jifunze kufungua kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaweza kupatikana katika shule nyingi. Lakini wengi hutafuta "kupika" penye K, wakarudi mikono mitupu. Kitendo hutafutwa kwa shina lake: tafuta "pika" penye P. Na majina hutafutwa kwa umoja: "vyungu" utavikuta penye "chungu".

La nne, ukiomba msaada, soma maelezo kwa sauti, polepole, mara mbili, ili hata asiyejua kusoma ashiriki. Useme na idadi ya herufi na zile ulizozipata tayari.

La tano, hili ni la msaidizi. Usimtupie mwenzako jibu kama mfupa. Kama mtoto anatafuta neno nawe walijua, mwambie kwanza, "Lipo jikoni," au, "Jana ulilishika." Mama yangu hakuniambia neno mara moja. Aliniwekea ngata mezani, akaniuliza. Angeniambia tu, ningeandika na kusahau. Kwa kuwa aliniuliza, sitasahau mpaka nife.

La sita, simu nayo ni msaada, kama kamusi ilivyo. Siikatai. Lakini iulize baada ya kuwauliza walio nyumbani, si kabla. Simu haitasikitika usipoiuliza, mzee husikitika.

Na la mwisho, ukisaidiwa, sema kwamba umesaidiwa. Hapa namjibu yule baba wa nje ya kanisa. Ndugu yangu, usimkataze mwanao kuuliza. Mtoto anayekimbia kwa dada, kwa mwalimu na kwa mzee wa jirani anajenga njia ambazo zitamfaa siku ya ugonjwa na siku ya njaa, si siku ya fumbo tu. Lakini akirudi na kujisifu peke yake, hapo mzuie. Mwambie arudi kwa mzee yule aseme, "Babu, neno lako liliingia." Kama gazeti linatoa zawadi kwa atakayejaza mwenyewe, na masharti yanakataza msaada, basi ashike masharti, maana hapo kusaidiwa kwa siri ni udanganyifu kweli. Siku nyingine zote, atoe mji, apokee jibu, ashukuru.

Nimemaliza. Lakini nisiwaache mikono mitupu. Jioni hii, baada ya chakula, liteni baraza zima, mkubwa na mdogo, mwenye kusoma na asiyejua kusoma, muwasomee fumbo hili moja: "Humbeba mgonjwa, wala haina magurudumu. Herufi 7." Laanza na M, laishia na A.

Jibu silitoi hapa. Vijana wakishindwa, wamwulize mzee aliyewahi kumpeleka mtu hospitali kabla ya barabara kufika kijijini. Naye akishindwa, basi nipeni mji.